Kipande Namba Kumi na Nne

Mpelelezi alivua viatu chini ya meza ya stoo ya vielelezo. Soksi zake zilikuwa na unyevu tangu juzi, na hapakuwa na wa kumshangaa isipokuwa mtunza stoo, ambaye naye alishavua vyake zamani. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, lakini bati lilikuwa bado linadondosha matone yake kwenye ndoo iliyowekwa katikati ya chumba.

"Umelala?" mtunza stoo akamuuliza.

"Nimefumba macho."

"Si haba. Mkuu amepiga simu mara mbili. Anasema nahodha anapelekwa mahakamani saa nane kwa kosa la kuua, na faili analitaka saa saba. Nikamwambia uko njiani. Akasema hata jana ulikuwa njiani."

Mpelelezi alikanda magoti. Mama wa miaka hamsini na mbili, magoti mabovu, usingizi wa saa tatu. Maneno ya Mkuu aliyaacha yapite kama yalivyokuja. Alivuta kiti, akakaa, akaomba aletewe vitu vyote vya kesi ya ziwani, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa daftari.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Siku nne zilizopita mashua mbili, kubwa na ndogo, zilitoka gatini na wapiga mbizi kumi na wanne kwenda kwenye meli ya mvuke iliyozama katikati ya ziwa miaka mia moja na ushee iliyopita. Maji baridi yasiyo na chumvi hayana pupa ya kula mbao, ndiyo maana meli ile bado imekaa wima kule chini, mita thelathini na moja, na ngazi zake, na milango yake, na sahani zake kwenye kabati la jikoni, na watu hutoka mbali kuja kuitazama. Wapiga mbizi kumi na watatu walirudi. Wa kumi na nne, mstaafu mmoja ambaye gati zima lilimwita Mwalimu kwa kuwa nusu yao aliwafundisha yeye kupiga mbizi, alikutwa kesho yake asubuhi kwenye boya la omo, yaani lile linaloelea juu ya pua ya meli. Alikuwa amejizungushia mkanda wake mwenyewe kwenye boya, bila fundo wala kibano, amekufa kwa baridi. Mitungi yake ilikuwa bado na hewa. Hakuzama, hakuumia popote. Aliachwa.

Na wa kulaumiwa hakutafutwa, alikuwepo tayari. Wiki moja kabla ya hapo Mwalimu alikuwa ameandika barua kwa ofisi ya mambo ya kale kwamba nahodha wa mashua kubwa anang'oa vitu vya meli, na kwamba taa ya shaba ya meli iko nyumbani kwake. Wawili hao wakatukanana gatini mbele ya watu. Nakala ya barua aliileta kituoni binti wa Mwalimu, ambaye siku ile naye alikuwa amepiga mbizi, na tangu hapo hakukosa kufika kituoni kila asubuhi kuuliza nahodha atashtakiwa lini. Nahodha kwa upande wake alikuwa na jibu moja tu, analirudia kama mtu anayeimba: ubao ulikuwa mtupu, afande, ubao ulikuwa mtupu, nikawasha mashine. Ila kuhusu taa, hakusema neno. Alikuwa anatazama chini na kukwaruza kidole gumba.

"Nipe hiyo taa kwanza," mpelelezi akasema.

Taa iliwekwa mezani. Ilikuwa nzito, ya kijani kwenye maungio, kioo chake kizima. Polisi waliikuta sebuleni kwa nahodha, juu ya televisheni, na kitambaa cha kufuma kimetandikwa chini yake. Jambo hilo lilikuwa linamkera tangu siku ya kwanza: mwizi gani anaweka mali ya wizi juu ya televisheni na kuitandikia kitambaa? Aliigeuza kitako juu, akawasha tochi.

"Una bisibisi?"

"Ya aina gani?"

"Ya nyota."

Mtunza stoo alifungua droo, akamnyooshea, kisha mkono wake ukabaki hewani. "Ya nyota?"

"Ya nyota. Meli ilizama kabla babu yako hajaota meno. Skrubu za namna hii zilikuwa hazijabuniwa." Mpelelezi alifungua moja, akaiweka kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe. "Hii ni taa ya kupambia mahoteli. Ukiipaka siki na chumvi siku mbili tatu inageuka kijani, unamwambia mtu imetoka chini ya ziwa."

"Sasa si angesema! Yuko mahabusu siku ya tatu!"

"Alimpa mkewe. Wametimiza miaka ishirini ya ndoa. Nilimuuliza mkewe juzi, akaniambia kwa majivuno kabisa kwamba mumewe aliipandisha kwa mikono yake kutoka mita thelathini." Alifunga bahasha. "Sasa wewe ungesema mbele ya nani?"

Mtunza stoo alicheka, halafu akakumbuka kesi ni ya mauaji, akajikohoza.

Mpelelezi alipaswa kufurahi. Sababu ya kuua ilikuwa imekufa pale mezani, na bado ilikuwa asubuhi. Lakini alichohisi ni uchovu tu, wa mtu aliyebomoa ukuta akakuta ukuta mwingine nyuma yake. Kwa sababu kosa la nahodha, taa au si taa, lilikuwa palepale: aliondoka, na mtu alikuwa majini. Kama ubao haukuwa mtupu, basi ni mwongo. Na kama ulikuwa mtupu, kuna mkono ulioufanya hivyo.

"Lete ubao."

Ubao ulikuwa umefungwa kwa nailoni na kupigwa lakiri tangu ulipotolewa kwenye mashua. Walikata lakiri pamoja, wakasaini wote wawili. Ulikuwa kitu cha kawaida kwa watu wa kazi ile, ila mpelelezi hakuwahi kuuona kabla ya wiki hii. Mstari mweupe uliugawa katikati. Kushoto paliandikwa MAJINI, kulia JUU, na kila upande ulikuwa na pete kumi na nne za chuma zenye namba. Kila mpiga mbizi alikuwa na kipande chake cha shaba, mviringo, chenye namba na kibano cha kubonyeza. Anapotaka kushuka anakifunga upande wa MAJINI. Anapopanda ngazi, kabla hata hajavua miwani, anakihamishia upande wa JUU. Nahodha hahesabu vichwa, kwa kuwa vichwa huingia chooni, hulala, huhamia mashua nyingine. Anaangalia ubao. MAJINI pakiwa patupu, anaondoka. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu: KILA MTU NA KIPANDE CHAKE. USIGUSE CHA MWENZIO.

Vipande vyote kumi na vinne vilikuwa upande wa JUU. Kimoja kimoja, kila kimoja kwenye pete yake, kuanzia moja hadi kumi na tatu. Pete ya kumi na nne ilikuwa tupu. Kipande namba kumi na nne kilikuwa kimefungwa kwenye pete ya kumi na tatu, juu ya mwenzake.

"Hili uliliona?" mpelelezi akauliza.

"Nililiandika." Mtunza stoo aligeuza daftari. "Hapa. Kumi na tatu na kumi na nne, pete moja. Nikadhani kimesogea wakati wa kubeba."

Mpelelezi aliweka kidole gumba kwenye kibano cha ziada alichopewa na watu wa gatini, akabonyeza. Kilikuwa kigumu mpaka ukucha ukamuuma. "Hiki hakisogei. Hiki kinafunguliwa na mtu."

"Nahodha."

"Nahodha ameishi na ubao huu miaka kumi na moja. Angetaka kudanganya angekipeleka kwenye pete yake, nani angejua? Aliyefanya hivi hakuwa anadanganya. Alikuwa na haraka, au amechoka. Amevitoa viwili kwa mpigo, akavifunga pamoja." Aligonga pete kwa kidole. "Kumi na tatu ni nani?"

Wote wawili walijua. Mtunza stoo alifungua orodha hivyohivyo, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa. "Binti yake."

Akainua macho. "Binti amemuua baba yake?"

"Umezidi kusikiliza michezo ya redio."

Kwenye faili, maelezo ya binti yalikuwa kurasa mbili. Mpelelezi aliyasoma tena kwa mara ya nne. Alishuka na baba yake saa nne na nusu. Dakika kumi hivi baadaye sikio likamkamata, akamwonyesha baba kwa ishara. Baba akamsindikiza hadi kwenye kamba inayopanda kwenye boya, akamwona anapanda salama, akamwonyesha kwamba yeye anarudi chini. *Nikapanda mashua kubwa, nikarudisha kipande changu, nikatapika, nikaondoka na mashua ndogo saa tano kupelekwa zahanati.* Kipande changu. Ama alikuwa anadanganya, ama alikuwa hajui. La pili ndilo lililomchosha mpelelezi zaidi.

Alivaa viatu.

*

Karakana ya fundi wa mitungi ilikuwa mwanzoni mwa gati, na mlio wa mashine yake ya kujazia hewa ulisikika kuanzia barabarani. Fundi alimwona, akaizima. Kimya kilichofuata kiliyafanya masikio yavume.

"Karibu mama. Angalia mguu, mpira huo wa mashine una hewa."

Mpelelezi aliruka mpira, akamwekea mbele mfuko wa nailoni wenye saa kubwa ya mkononi. Saa ya Mwalimu. Saa za namna ile huandika zenyewe kila dakika na kila mita.

"Mtaalamu wetu wa mjini atachukua wiki mbili kuisoma," akasema. "Mimi nina mpaka saa saba. Bonyeza ukiwa umevaa glovu, nami nitaandika."

Fundi alibonyeza. Alikuwa mzee wa mikono mipana, anatafuna njiti ya kiberiti, na alipoona namba za kwanza aliitoa njiti mdomoni.

"Hapa ameshuka, saa nne na nusu. Hapa yuko chini. Saa tano na robo anaanza kupanda. Amesimama mita sita, kama inavyotakiwa. Halafu mita tatu." Alisogeza saa kwenye mwanga. "Ameingia mita tatu saa tano na dakika thelathini na tatu. Ametoka hamsini na moja. Dakika kumi na nane. Hakuiba hata moja."

Mpelelezi alifungua daftari lake ukurasa wa kumbukumbu za gati. "Mashua kubwa iliondoka saa tano na arobaini."

Fundi alirudisha kidole kwenye ile thelathini na tatu.

"Ilikuwa imefungwa boya la tezi, la upande wa nyuma," mpelelezi akaendelea. "Yeye alikuwa kwenye kamba ya omo. Hatua sabini, na mawimbi yameshaanza. Hakuna aliyeona mapovu. Lakini mashine alikuwa anaweza kuisikia?"

"Mama, ukiwa mita tatu mashine unaisikia kwenye meno."

"Kwa nini hakupanda akapiga kelele?"

"Angepanda angepooza. Au angefia juu ya sitaha. Hewa ya kule chini inaingia kwenye damu, inataka muda wake itoke polepole. Ukiikatisha, inatokota." Fundi alirudisha saa kwenye mfuko wake wa nailoni kwa uangalifu, kama kitu kinacholala. "Yeye ndiye aliyetufundisha. Ukisikia mashine, maliza dakika zako. Mashua itarudi. Alikuwa anatuimbisha hivyo, mashua itarudi."

Lakini haikurudi. Nahodha alifikiri Mwalimu ameondoka na binti yake kwenye mashua ndogo. Binti, aliyekuwa zahanati mpaka saa kumi, alifikiri baba anamsubiri gatini. Walipokutana na kuulizana, upepo ulikuwa umeshachafua ziwa na hakuna chombo kilichoruhusiwa kutoka.

Mpelelezi aliukumbuka mkanda usio na fundo, na kibano kilichomuuma ukucha. "Mikono yake ilikuwaje?" akauliza.

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kufuta koki iliyokuwa safi. "Mikono gani?"

"Alikuwa na miwili tu."

"Aliniapisha, mama."

"Ameshafariki."

"Ndiyo maana naona vibaya zaidi. Angekuwa hai ningemwambia nimebanwa."

"Kuna mtu hai yuko mahabusu, fundi. Saa nane anasomewa shtaka la kuua, na wewe unafuta koki."

Kitambaa kilisimama. Fundi alikaa juu ya mtungi uliolala.

"Mwaka na nusu sasa," akasema. "Ilianza kutetemeka, nikadhani uzee. Halafu vidole vikawa havimtii. Kwenye baridi hata kifungo cha shati kinamshinda. Daktari wa chama cha wapiga mbizi angejua, cheti angenyang'anywa siku hiyohiyo, na yule bila ziwa angekaa nyumbani afanye nini? Aangalie ukuta? Basi tukamficha. Mimi namfungia valvu hapa karakana. Mengine yote binti yake."

"Mengine kama nini?"

"Viatu. Mikanda. Zipu. Kila kitu chenye kushika na kubana."

"Na kipande?"

Fundi alimtazama muda mrefu. Alikuwa mtu mwenye akili, na mpelelezi aliona jambo lile linamwingia taratibu mpaka macho yakamjaa maji.

"Mimi sipandi mashua, mama," akasema hatimaye. "Siwezi kusema nimeona kwa macho. Ila wale wawili mwaka na nusu huo hawakuwahi kupanda mbalimbali hata siku moja. Siku zote wanatoka majini pamoja."

Mpelelezi aliandika, akamsomea, fundi akasaini. Kisha akaomba aazimwe ubao wa akiba uliokuwa umening'inia nyuma ya mlango, na vipande vyake viwili.

*

Binti alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha mahojiano tangu saa nne, mkoba magotini, pamba imechomoza kwenye sikio la kushoto. Miaka kama thelathini, lakini siku nne zilikuwa zimemwongezea mingine. Mtunza stoo alikaa pembeni na kalamu, kama shahidi.

"Kaa upande huu afande, huku sisikii," binti akasema. Mpelelezi akahamisha kiti. "Nimeambiwa ni saa nane. Nitaruhusiwa kuingia ndani ya mahakama?"

"Tuzungumze kwanza, mwanangu."

"Nimeshasema yote. Mpaka ndoto zangu nimewaandikia." Sauti yake ilikuwa kavu, haina hata hasira tena. "Nataka tu akae mbele yangu aniambie alimwachaje. Ubao ulikuwa mtupu, anasema. Ubao hauwezi kuwa mtupu. Baba alikuwa majini. Kipande chake kilikuwa majini. Kilijihamisha chenyewe?"

Mpelelezi alitamani sana wakati ule awe mtu mwingine, mwenye kazi nyingine, ya kuuza vitambaa au kupanga vitabu. Angeweza kulifunga faili kwa taa na pete, akamwachia wakili wa nahodha aligundue jambo hili mbele ya ukumbi uliojaa watu. Kisheria asingekuwa na kosa. Alimtazama yule binti na pamba yake sikioni, akaona kwamba hilo lingekuwa ukatili, na kwamba ukatili wa hapa, ndani ya kuta nne, ulikuwa na nafuu kidogo.

Aliweka ubao wa akiba mezani, akauegemeza ukutani. Alifunga vipande viwili upande wa MAJINI, kumi na tatu na kumi na nne.

"Nionyeshe siku ile," akasema. "Usiharakishe. Umeshika ngazi, unapanda. Niambie kila unachofanya, na mikono ifanye."

Binti alivuta pumzi. Alisimama mbele ya ubao, akafumba macho.

"Nimepanda. Sikio linapiga, naona kizunguzungu. Nimeshika bomba hili la pembeni kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mashua inayumba. Glovu nimeivua kwa meno. Nikageukia ubao." Mkono wa kulia ulinyooka. Kidole gumba kilibonyeza kibano cha kumi na tatu, kikakitoa, na bila kusimama kikateremka kwenye cha kumi na nne, kikakitoa nacho, vyote viwili viganjani, mkono ukavuka mstari mweupe na kuvifunga kwenye pete moja. "Nikarudisha kipande changu. Halafu nikavua miwani. Halafu nikainamia ukingoni nikatapika, mama mmoja wa mashua ndogo akanishika kichwa, akasema huyu apelekwe na mashua ndogo, na mimi nikasema baba yuko chini, atakuja na—"

Kalamu ya mtunza stoo ilikuwa imeacha kuandika. Binti alifumbua macho kuona kwa nini.

Alimtazama mtunza stoo, kisha mpelelezi. Kisha akageuka, akautazama ubao. Upande wa MAJINI palikuwa patupu.

"Hapana," akasema. "Hii ni sasa hivi. Nimefanya kwa mazoea."

"Ndiyo."

"Huwa namtolea, vidole vyake haviwezi. Lakini huwa yuko nyuma yangu, afande. Siku zote yuko nyuma yangu kwenye ngazi."

"Najua."

"Siku ile nilikuwa peke yangu."

"Ndiyo, mwanangu."

Alikaa. Hakupiga kelele. Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana tumboni, akaanza kuyumba mbele na nyuma, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio bado, ilikuwa ya mtu anayejaribu kuinua kitu kizito asikiweze. Mpelelezi alimshika bega. Mtunza stoo, ambaye katika miaka yake yote stoo alizoea vitu tu, si watu, alitoka akaleta maji, akarudi, akatoka tena bila sababu.

Muda ulipita. Saa ya ukutani ilisoma sita kasoro.

"Alisikia mashine?" binti akauliza.

Lilikuwa swali ambalo mpelelezi aliliogopa tangu karakana. Uongo ulikuwa karibu, mtamu, na ungedumu mpaka siku binti atakaposoma faili. "Aliisikia," akasema. "Alikuwa amebakiza dakika kumi na moja. Akazimaliza zote, ndipo akapanda."

Binti alitikisa kichwa kukubali. Machozi sasa yalikuwa yanamwagika bila kizuizi. "Alidhani watarudi."

"Ndivyo fundi anavyosema."

"Alijua ni mimi?"

"Saa haikuandika hilo. Na mimi siwezi kukuandikia."

Binti alifuta uso kwa kiganja, akavuta karatasi iliyokuwa mezani. Mpelelezi alimwambia anaweza kusimulia, yeye ataandika, wala si lazima leo, na ni vizuri awe na wakili. Binti alisema atamwita wakili, lakini yule mtu wa mahabusu huko chini asikae humo hata saa moja zaidi kwa ajili yake. Akaomba kalamu. Alianza kuandika kwa mkono uleule wa kulia, polepole, akibonyeza sana.

Mpelelezi alipiga simu kwa Mkuu kutoka koridoni.

"Faili liko wapi?"

"Linaandikwa. Taa ni ya bandia. Ubao ulikuwa mtupu kweli. Nahodha hakudanganya kitu, isipokuwa kwa mkewe."

"Nani aliyeufanya mtupu?"

Akamwambia.

"Nimeshawaambia waandishi wa habari waje saa nane," Mkuu akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Haya. Mtoe. Huyo binti tutamsikiliza mwanasheria wa serikali anasemaje."

Ngazi za kushukia mahabusu, ambako ndiko ulikokuwa mlango wa nje pia, zilikuwa kumi na mbili, na magoti ya mpelelezi yalizihesabu zote. Nahodha alikuwa amekaa kwenye benchi, jitu la watu, ndevu za siku tatu. Mpelelezi alifungua mlango, akamweleza pale pale, kwa maneno machache, bila kuficha wala kupamba. Akamwambia yuko huru.

Nahodha alisikiliza mpaka mwisho. Hakushangilia.

"Miaka kumi na moja," akasema, "naangalia upande wa MAJINI tu. Ule wa pili sijawahi kuuangalia. Ningegeuza shingo hivi ningeona viko viwili kwenye pete moja, ningeuliza." Aligeuza shingo, kuonyesha ilivyo rahisi. Kisha akauliza, "Yuko wapi yule binti?"

"Juu. Anamalizia kuandika."

"Ana mtu?"

"Shangazi yake anakuja kumchukua."

"Njia ya kutokea ni hii hii moja?"

"Ni moja."

Nahodha aliinama, akafunga kamba za viatu alivyorudishiwa, akazifunga vizuri kabisa, halafu akakaa tena palepale kwenye benchi.

"Basi nifungie, afande. Akishaondoka ndio nitoke. Leo asinikute kwenye ngazi."

"Sina ruhusa ya kumfungia mtu aliye huru."

"Egesha tu."

Mpelelezi aliegesha mlango. Angeweza kupanda juu, kazi ilikuwa bado nyingi, lakini magoti yalikataa na moyo nao ukayaunga mkono, akakaa upande wa nje, mgongo ukutani. Walikaa hivyo, mlango katikati yao, bila kusemezana, kama nusu saa. Kisha viti vikasogezwa juu, na hatua za wanawake wawili zikaanza kushuka, moja nzito, moja ya kuburuza. Ndani ya chumba nahodha aligeukia ukuta, akajikunyata na ukubwa wake wote, akabana pumzi mpaka mlango wa nje ulipofungwa.